Siku Mtafsiri Aliponyamaza

Rafiki, pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, palipokuwa na kibanda cha video, sasa wanauza mkaa. Niliona juzi, niliporudi likizo kutoka Lilongwe, ambako nasoma kidato cha tatu na kulala kwa shangazi, mtaa wa Chinsapo. Nilishuka kwenye baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, nikasimama mbele ya magunia kama mtu aliyetumwa kitu akakisahau. Mwenye mkaa akaniuliza nataka kiasi gani. Mi ni mtu wa haya. Nikasema "zikomo" tu, yaani asante, nikaenda.

Zamani ndani ya kibanda kile kulikuwa giza mchana kweupe. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na mabenchi yalinuka jasho na mafuta ya mikate aliyokaanga koko wangu, mama yake mama, pale mlangoni. Kando ya televisheni alikaa mtafsiri na mikrofoni yake. Filamu zilikuja kwa Kiingereza au Kichina, naye alizigeuza Kiswahili chetu papo hapo. Asipoelewa, alitunga. Kinywani mwake kila jambazi alikuwa mkwe wa mtu fulani wa Bukavu, na sisi tulimwamini.

Jumamosi moja mvua ilimfukuza koko mlangoni. Akaingia na beseni lake, akakaa kati yangu na dada. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na wiki ileile alikuwa anapanda ndege na bwana yake kwenda Kanada. Kesi yao ya wakimbizi kuhamishiwa ng'ambo ilipita, majina yao yakatoka. Yetu, mimi na koko, hayakutoka. Nyumbani hakuna aliyelizungumza. Mi nilikuwa na swali moja tu tumboni: akishafika kule, atabaki wetu?

Filamu ilikuwa ya mwanamke mmoja, nguo nyeupe nzito, peke yake ndani ya chombo kinachokwenda kuzipita nyota. Mtafsiri akachangamka.

"Muangalie dada yetu! Kesi yake imepita! Anaenda!"

Batu wakapiga makofi. "Mama, funga koti, kule iko baridi!" mmoja akapaza sauti. "Na usitusahau, tuma hata kidogo!" mwingine akadakia, kibanda kizima kikavunjika mbavu. Dada naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kisha yule mwanamke akamimina chai, akapiga simu nyumbani kwake. Akaitika mtoto wa kike. Akanywa funda moja, akapiga tena: sauti ya mtu mzima. Chai bado ilikuwa inatoa moshi. Akapiga tena: sauti ya kizee, inakwaruza, na ilikuwa ya mtoto yuleyule. Mtafsiri akafungua mdomo, akaufunga. Nje mvua ikakatika ghafla. Tukabaki tunasikia chombo kinavyopumua, na sisi tunavyopumua. Mara ya mwisho alipopiga, aliitikiwa na sauti yake mwenyewe. Nyota zikaanza kuzimika, moja moja, bila kelele.

Hakuna aliyecheka. Niliogopa, na bado nilitaka filamu isiishe. Sijaona kitu kizuri namna ile tena.

"We mutafsiri," koko akasema gizani, "nani njo alimuitika?"

"Koko, hii mi sijui."

Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. Koko akafunika beseni. "Mwenye kusafiri anabebaka saa yake," akasema. "Ya nyumbani inabaki inatembea." Dada akaniminya mkono mpaka ukauma.

Siku aliyoondoka, mtaa mzima ulimsindikiza kwa nyimbo hadi kwenye basi. Vyombo vyake aliwagawia majirani, kama wanavyofanya wote wanaoruka. Sisi tulipata birika. Alikuwa anapiga simu, kwake usiku, kwetu mchana. Kila mara alisema, "Si juzi tu niliondoka?" Nami nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, koko ameacha kukaanga, kisha ameacha kuona, kisha tumemzika, dada akisikiliza mazishi kupitia simu tuliyoiweka juu ya kiti.

Mtafsiri naye hayupo, wanasema alielekea Afrika Kusini. Batoto wa sasa kila mmoja anaangalia simu yake, na maandishi ya chini yanawaeleza yote. Hakuna anayewatungia. Jina la filamu ile sikulijua. Mjini nimeuliza watu, nikawaeleza chai na zile sauti, wakanicheka. Wakati mwingine nafikiri tuliiona sisi tu, tuliokuwa mle ndani.

Jioni ya siku ile ya mkaa, simu ililia.

"Allo," nikasema, kwa sauti ambayo wanasema imefanana na ya koko.

Pumzi tu, kama za chombo kile.

"Koko?" dada akauliza.

"Hapana, dada. Njo mi, mdogo wako."

Birika lake lilikuwa mezani, linatoa moshi.

"Najua," akasema polepole. "Sema tena."