Selule Zilizotoka Muyinga

Nimefundisha baiolojia kwa miaka kumi na minne katika shule moja ya Mushasha, na sijisifu nikisema kwamba hapa Gitega hakuna anayechora seli ubaoni kunizidi. Naichora kwa chaki za rangi tatu. Wanafunzi wanainakili kwa Kifaransa, wanaikariri kwa Kifaransa, wanafaulu mtihani kwa Kifaransa, kisha wanaisahau kwa lugha yoyote wanayoipenda. Mimi mwenyewe sikuwahi kuona seli hai ikifanya kazi yoyote. Darubini ya shule ilipoteza kioo kabla sijaajiriwa, na tunaitunza kabatini kwa heshima ya mzee mstaafu.

Kwa hiyo siku daktari wa macho aliponigeukia na kusema, "Wewe ni mwalimu, mweleze mama yako," nilikohoa kidogo na kuweka shati sawa.

Mama anaishi Muyinga, ambako anauza vitenge sokoni tangu alipotoka Uvira. Jicho lake la kushoto lilikwenda na surua akiwa mtoto. Ametulea kwa la kulia peke yake, na kwa hilo moja aliona makosa yetu kuliko akina mama wenye mawili. Sasa hilo la kulia likaanza kuota nyama. Ilianzia kwenye kona ya upande wa pua, ikatambaa mwaka baada ya mwaka juu ya konea, kile kioo kinachofunika jicho kwa mbele, mpaka ikakaribia mboni. Mama alikataa kusikia habari za kupasuliwa. Alibadili mawazo siku alipomsalimia mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani, akamwuliza habari za watoto, akakasirika kwa kutojibiwa, na kumbe lilikuwa koti limetundikwa.

Jumatano moja daktari akaiondoa ile nyama, akafunika jicho kwa pamba na plasta. Mama, aliyeingia na jicho moja, akatoka hana hata moja. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Maelezo ya daktari yalikuwa mazuri sana, kwa Kifaransa. Pale nyama ilipobanduliwa konea imebaki tupu, imechubuka. Hapashonwi. Seli za pembeni mwa kidonda zitajilaza, zitaachia sehemu zao, zitateleza pamoja kuelekea katikati hadi zikutane, kisha zitaongezeka na kujipanga tabaka juu ya tabaka. Kufunika huchukua siku chache, kushika sawasawa huchukua wiki. Zikibughudhiwa tena na tena, jicho litajiziba kwa kovu jeupe. Na kovu likikaa mbele ya mboni, akasema polepole akinitazama, mama yako hana jicho la akiba.

Neno la Kiswahili nalijua. Ni seli, lipo vitabuni. Lakini mbele ya Mama ulimi wangu hurudi nyumbani wenyewe, nikasema kama tunavyosema.

"Mama, pale alikata pako wazi. Sasa selule zitakuja kupafunika."

Mama akanigeuzia sikio. "Selule?"

"Ego," nikaitikia, "selule."

"Zenyewe zitakuja? Hakuna wa kuzilazimisha?"

"Zenyewe. Na zile zinakaa pembeni ndizo zinaanza."

"Za pembeni? Donc, ni kusema hata ile ya Buhinyuza?"

Buhinyuza iko kule karibu na mpaka wa Tanzania. Nilidhani ni dawa ya ganzi inayosema ndani yake, na mtu aliyetoka kupasuliwa habishiwi. "Hata ya Buhinyuza," nikasema.

"Na zikifika zinafanya nini?"

"Zinashikana, Mama. Zinashikana bila kuacha nafasi, mpaka fasi yote inafunikwa."

Mama akaweka mkono kifuani. "Yesu asifiwe. Na ni dokta mwenyewe amesema?"

"Dokta mwenyewe."

Nilijiona nimefundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha maishani. Nyumbani kwangu Magarama Mama aliniomba nimpigie simu rafiki yake wa sokoni kule Muyinga, nikampigia, nikaweka simu sikioni mwake, nikaenda kusahihisha madaftari.

Ijumaa tulirudi hospitali. Daktari akagusisha karatasi yenye rangi ya njano kwenye jicho, akazima taa, akawasha mwanga wa bluu. Mahali palipo tupu pakang'aa kijani. Akaniambia nitazame katika mashine yake. Palikuwa na doa lenye ukubwa wa mbegu ya chungwa, na akasema Jumatano lilikuwa mara mbili ya hapo. Miaka kumi na minne nachora kitu kimekaa tu ubaoni, na sasa jichoni mwa Mama kilikuwa kinatembea, bila mtihani wala mwalimu. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga, na hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanzia.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Mlangoni walisimama wanawake tisa wenye vitenge vya sare moja, mikeka chini ya kwapa, na mmoja amebeba chupa kwa mikono miwili.

"Hapa ndiyo kwa mwalimu?" akauliza yule wa chupa, mama mnene anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, soko moja na Mama. "Dokta ametuita. Sisi ndio selule."

Kanisani kwa Mama, selule ni kikundi cha wanawake wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kila katikati ya wiki kuomba. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Nimekunywa chai ya selule, nimelala usingizi kwenye maombi ya selule. Nilisimama pale mlangoni nikiyarudia kichwani niliyomwambia Mama, sentensi moja moja, na kila sentensi ilikuwa sahihi kabisa.

"Na huyu," akasema mama wa ndagala akimsukuma mbele mwanamke mwembamba mwenye vumbi hadi magotini, "ametoka Buhinyuza. Tumesikia ndiye anaanza."

Waliingia. Mama alipowasikia alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Wakaimba wimbo mmoja, nikavumilia. Kisha mama wa ndagala, kiongozi wao, akafungua chupa. Ilikuwa mafuta ya zeituni yaliyoombewa siku tatu, na alikuwa ananyoosha kidole kuelekea ile plasta.

"Oya!" nikapiga kelele. "Jicho hakuna kugusa!"

"Mwalimu, we unatuzuia? Sisi tumekuja kwa neno la dokta."

Nikaanza kueleza. Nikasema maambukizi, nikasema utando, nikasema mambo mengine kwa Kifaransa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kidole kilivyozidi kukaribia. Mwisho nikakunja mikeka yote, nikabakiza mmoja katikati ya sebule. Nikawaambia wasimame kuuzunguka, wavue viatu. Huu mkeka ndio kidonda, nikasema. Nyinyi ndio selule. Wa Buhinyuza aanze, mwingie polepole, mshikane, msiache nafasi. Wakaingia, wakabanana katikati wakicheka kama wasichana wa shule.

"Sasa mama kiongozi," nikasema, "mwaga mafuta hapo chini ya miguu."

Akatazama mkeka, akatazama miguu ya wenzake. "Si wataanguka?"

"Wataanguka. Na kidonda kitabaki wazi."

Mama kiongozi akashusha chupa. "Kumbe jichoni kuna selule ingine," akasema. "Mbona hukusema hivyo toka mwanzo?" Akafunga chupa. Ili safari isiwe ya bure, wakapaka yale mafuta kwenye fremu za milango, kwenye dirisha na, kwa sababu ambazo sikuzijua, kwenye usukani wa baiskeli yangu. Kisha wakajigawa zamu. Mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja ameshika mkono wa Mama, ili jicho likiwasha asipate mkono wa kulikunia. Walikaa hivyo hadi Jumatatu. Sijapata kuona wagonjwa wanaolindwa namna ile, hata wenye walinzi.

Nilijisikia mshindi. Nilikuwa nimeokoa jicho la mama yangu kutoka kwenye chupa ya ujinga, hivyo ndivyo nilivyojisemea.

Na hapa lazima niseme nilichokuwa nakifanya saa kumi jioni. Tangu Ijumaa, baada ya kuona lile doa la kijani, sikutulia. Nilitaka kuziona zikitembea. Nilichukua lenzi ya mkono kutoka maabara, nikamkalisha Mama dirishani, nikabandua plasta taratibu, nikafumbua kope kwa vidole vyangu viwili. Kwa kuwa tongo zilinizuia kuona, nilizipangusa kwa pamba iliyolowa maji. Maji nilikuwa nimeyachemsha, mimi si mshamba. Sikuona kitu, maana lenzi ya aina ile haionyeshi hata mguu wa sisimizi vizuri. Nikafunga, na kesho yake nikabandua tena. Mama alijikaza kila mara mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema wa Buhinyuza siku ya Jumapili, "si ulituambia hakuna kugusa?"

"Kugusa ni kwenu," nikamjibu. "Huu ni uchunguzi."

Jumatatu daktari akaweka rangi ya njano, akawasha mwanga wa bluu. Akaniita nitazame. Doa lilikuwa kubwa kuliko la Ijumaa, kingo zake zimekwanguka.

"Nani amekuwa akifungua hili jicho?" akauliza. "Kuna mtu amezing'oa seli."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anauliza nani amegusa."

Hakusita hata kidogo. "Mwambie ni miye. Iliniwasha, nikajikuna."

Mikono yake ilikuwa imeshikwa siku tatu na wanawake tisa. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikamgeukia daktari, nikatafsiri: amesema amejikuna.

Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Mwambie, akasema, kwamba hili ni jicho lake la mwisho. Mwambie hapa si mahali pa ukaidi, anaweza kupofuka kwa mikono yake mwenyewe, na mimi sitakuwa na la kufanya. Nikamwambia Mama. Nilitafsiri yote, nikamfokea pale alipofoka, nikanyoosha kidole pale aliponyoosha kidole. Mama alikaa ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. "Pardon, dokta," akasema.

Nje nilimwuliza kwa nini.

"We uko mwalimu," akasema. "Miye mzee wa sokoni. Kwangu kosa haishangazi mtu."

Seli zilianza upya, na safari hii nililala kwa rafiki, nisije nikashawishika kuchungulia, hadi zilipomaliza. Zilifunga. Daktari alisema jicho limepona, ila zilipolazimika kuifanya kazi mara mbili zimeacha ukungu mdogo mweupe ukingoni mwa mboni. Anaona vizuri. Lakini jua likimpiga usoni pale sokoni Muyinga, lazima ageuze kichwa upande ndipo amtambue mteja. Wanawake wa selule humwuliza kwa nini siku hizi anatazama watu kwa upande. Nilikuwepo mara ya mwisho walipomwuliza, nimekaa pale pale kwenye benchi lake. Akasema ni uzee.