Mbwa Aliyebebwa kwa Mbeleko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona. Ni siku Baba alipoondoka Kasongo kwenda Nyangwe vitani, akamuaga mbwa kabla ya kutuaga sisi.

Usicheke. Mimi mwenyewe nilichukia. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuanza kuposwa, na majirani walikuwa wamejaa uani wakitazama. Baba alichuchumaa mbele ya mbwa wake mzee, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamsemesha Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Alipoinuka alimgeukia Mama.

"Musimuvue njuga," akasema. "Nikirudia, nitamuvua mimi mwenyewe."

Kisha akatushika mikono, mmoja baada ya mwingine, akajitwika bunduki aliyopewa na wakubwa wake, akaenda. Mimi nikaingia ndani kununa. Ujana ni moshi, mwanangu, unaona mbele yako tu.

Nikueleze mambo ya njuga, maana ninyi mliozaliwa juzi hamjui kitu. Baba alikuwa msasi, mwindaji wa upande wa Kabambare. Alikuja Kasongo akiwafuata wawinda tembo, akasilimu, akaitwa Ramazani, akajenga katikati ya waungwana, Waarabu na watu wao. Alibadili jina, akabadili nguo, akabadili hata namna ya kusalimia watu. Mbwa tu ndio hakuwabadili. Majirani walinong'ona, muislamu gani huyu anayefuga mbwa. Baba hakugombana na mtu. Wale mbwa wawili akawapa majina ya Kiswahili ili kila mtu asikie: dume akamwita Tutaona, na jike akamwita Watasema. Basi kila asubuhi akiwaita mbwa wake, mtaa mzima ulikuwa umejibiwa.

Na hao hao walionong'ona, Baba akirudi na ndezi au paa, walituma watoto wao na bakuli. Baba alikuwa haachii mbwa bila kusema Bismillahi, kwa hiyo nyama ilikuwa halali, nao walijua. Ulimi hauna mfupa, lakini tumbo halina haya.

Mbwa wa kwetu hawabweki. Msasi humfunga mbwa njuga ya mti shingoni, na katika majani yaliyompita mtu kimo hufuata ule mlio. Mbwa huvaa njuga yake tangu siku ya kwanza ya kazi, wala haivuliwi ovyo. Siku miguu yake ikichoka kabisa, mwenyewe humwita katikati ya uwanja, na watu wote wa nyumba waliokula nyama yake husimama. Humvua njuga kwa mikono yake, na kila mtu humwambia mbwa neno moja la kushukuru. Tangu hapo mbwa ni mgeni wa nyumba. Atakula na kulala, hatumwi tena. Msasi aliyeacha mbwa wake afe bila kuagwa hivyo aliona haya kushika mkuki mbele ya wenzake. Tutaona aliuawa na ngiri porini, Baba hakuwahi kumuaga, na jambo hilo lilimkaa moyoni miaka mingi. Ndiyo maana alisema vile juu ya Watasema, ambaye wakati huo macho yalikuwa yamekwisha kufanya ukungu na miguu ya nyuma inatetemeka.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wazungu na waungwana walikuwa tembo, sisi tulikuwa nyasi. Ilikuja habari kwamba Nyangwe imechukuliwa, kwamba mto Lualaba umejaa watu waliokuwa wakikimbia kwa mitumbwi. Habari ya Baba haikuja. Kabla hatujajua la kufanya, vita ikageuka kuja Kasongo, na ndui ilikuwa imekwisha kutangulia. Mchele ukaisha. Mihogo iling'olewa kabla ya kukomaa, tukala majani yake, sombe bila chumvi wala mawese.

Tukakimbilia Kabambare, kwa ndugu za Baba. Tulikuwa Bibi mzaa Baba, Mama na mdogo wangu Amisi mgongoni, baba mdogo Saleh, na mimi. Na Watasema. Saleh alitaka tumwache. Usimhukumu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na mtu mwenye woga huona kila kitu ni mzigo. Mama alimjibu mara moja tu.

"Huyu mbwa iko amana. Mwenye amana hajarudia."

Saleh akatangulia. Watasema akatufuata, akinusa nyayo zetu, na ile njuga ikilia polepole nyuma yetu.

Amisi alikufa njiani. Homa ilimwanza jana, leo akawa wa moto kama jiwe la jikoni, kesho yake hakuamka. Mvua ilikuwa inanyesha, na nyuma yetu tulisikia bunduki. Saleh alichimba kwa jembe kando ya njia, akamlaza, akamfukia, akasoma alichokumbuka. Mama alitaka kukaa kidogo pale. Saleh akamshika mkono akamvuta. Mama akaikung'uta mbeleko, akaikunja, akaiweka begani. Hakulia, na hilo liliniogopesha kuliko bunduki. Nilitamani apige kelele, aanguke chini, afanye kama wanawake wengine. Alitembea tu.

Asubuhi iliyofuata Watasema alilala katikati ya njia, akakataa kuinuka. Saleh aliendelea mbele bila kugeuka. Bibi alisimama akiegemea fimbo. Mama alimtazama mbwa kitambo. Halafu akatoa mbeleko begani, akainama, akaniambia nimuinulie mgongoni kwake.

Nikamwambia, "Mama, ile ni nguo ya Amisi. Watu watatuona."

Akasema, "Muinue."

Nikamuinua. Alikuwa mwepesi, mifupa na ngozi tu. Mama akafunga mbeleko kifuani, akatembea. Mimi nilibaki nyuma makusudi, watu wasidhani niko naye. Haya, nimekwambia, tuendelee.

Tukafika mto Luama. Kivukoni palikuwa na watu wengi wa Kasongo, watu tuliochota nao maji kisima kimoja, wote wameloa na wanangoja mtumbwi. Walipoona kilichokuwa mgongoni mwa Mama, walijitenga kama mchanga unavyojitenga na mchele kwenye ungo. Mwanamke mmoja alisema huyu mama amerukwa na akili, amemtupa mtoto akabeba mbwa. Mwingine akasema mbwa aliyeloa ni najisi, akiingia mtumbwini yeye hapandi, bora afe ng'ambo hii. Mwenye mtumbwi akashusha kafi, akangoja tumalizane.

Alikuwepo mwalimu wetu, mzee aliyenifundisha alifu na be. Ndui ilikuwa imemwachia mwili wa kushikiliwa na watu wawili. Nikajua sasa yamekwisha, huyu ndiye atakayetuhukumu. Alimuuliza Mama mbwa ni wa nani. Mama akamjibu kwamba ni wa Ramazani, kwamba Ramazani yuko Nyangwe, na kwamba aliacha neno.

Mwalimu akawageukia wale wanawake. Hakupaza sauti. Hata kama angetaka, asingeweza.

"Mimi nitakaa karibu yake," akasema. "Nguo yangu nitaifua mara saba, na moja iwe kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Ninyi ulimi wenu mtaufua kwa kitu gani?"

Akapanda, akakaa ubavuni mwa Mama, bega kwa bega. Wengine wakapanda. Tulipofika ng'ambo, yule mzee alivua kanzu yake kweli. Nilimsaidia kuipaka udongo na kuisuuza, huku yeye amekaa na shuka kiunoni, anatetemeka kwa baridi. Hakusema sheria haipo. Alisema ipo, akaifuata mpaka mwisho, na bado akakaa na mtu aliyekimbiwa na wote. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimewaona masheikh wengi wenye vilemba vikubwa, na ninapotaka kujua dini ni nini namkumbuka yule mgonjwa na kanzu yake ya matope.

Kabambare tulipokelewa vizuri kadiri njaa ilivyoruhusu. Hatukukaa sana akaja mtu mmoja aliyenusurika Nyangwe. Alisema Baba alipigwa risasi akiwa ndani ya mtumbwi, akaanguka Lualaba, mto ukamchukua. Bibi alikaa chini pale pale alipokuwa. Mama aliuliza jambo moja tu, kama kulikuwa na mtu karibu yake wakati ule. Yule mtu akafikiri, akasema hapana, kila mtu alikuwa anaokoa roho yake.

Mama hakulia siku hiyo pia. Akaingia ndani kukaa eda, macho makavu. Wanawake wa pale walianza kumsema pembeni, kwamba mke gani huyu.

Watasema alikuwa amelala mlangoni pake, haoni, hali, anapumua tu na njuga shingoni. Mama akatuma neno kwa wasasi wa ukoo kwamba mbwa avuliwe. Wakakataa. Walisema mwenye mbwa amekufa, na kitu cha usasi hakiguswi na mwanamke. Wakasema mbwa apelekwe porini na njuga yake, akajifie huko. Saleh aliinamisha kichwa, hakutaka kubishana na wakubwa.

Bibi akatoka nje kwa fimbo yake. Alikuwa mfupi, mwanangu, ungeweza kumpita bila kumwona. Akasimama mbele ya wale wanaume.

"Mwenye mbwa nilimuzaa mimi," akasema. "Hii mikono iko yake. Simameni."

Wakasimama. Bibi alikaa mavumbini, akafungua kile kifundo cha kamba ya ngozi, akahangaika nacho muda mrefu kwa vidole vyake vya baridi yabisi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Njuga ilipotoka, shingoni pa mbwa palikuwa na alama, manyoya yamelika mpaka ngozi. Kila mtu akasogea kusema neno lake. Saleh alisema, "Nilikula nyama yako, na nikataka kukuacha njiani. Unisamehe." Mimi nilimshukuru kwa ndezi wa daku, mwaka ule tulipofunga mwezi mzima na kila usiku tukala vizuri.

Mama alikuja mwisho. Alipiga magoti, akamwekea mbwa mkono kichwani, pale pale Baba alipomshika. Tulidhani atasema ahsante kama sisi.

"Uende polepole, Ramazani," akasema. "Uende polepole, Amisi, mutoto yangu. Sikukaa na wewe."

Ndipo alipolia. Mwanangu, nimesikia vilio vingi, sijasikia kingine kama kile. Alijikunja juu ya yule mbwa akalia mpaka sauti ikakatika, akaendelea kulia bila sauti. Wale wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kwa nguvu ili asikike: mume hakumlilia, mtoto hakumlilia, anamlilia mbwa.

Bibi akamgeukia. Yeye naye alikuwa na machozi mpaka kidevuni.

"Mumuache," akasema. "Wale wawili hakuna mutu alimuacha awaage."

Nikaenda nikakaa kando ya mama yangu, karibu kabisa, bega kwa bega. Watasema alikufa usiku ule ule au alfajiri, hatukujua saa, maana hakuwa na sauti. Saleh alimchimbia nyuma ya nyumba, shimo refu, akachukua muda wake.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa kuwa mimi si mtu wa kurudia maneno. Nawasikia ninyi mkisema mbwa akizeeka afukuzwe, anakula bure. Amekula bure lini? Aliyekutumikia akiwa na nguvu, mlishe akiwa hana. Siku yake ikikaribia, usikimbilie shamba eti huwezi kuona. Kaa hapo. Mshike kichwa, mwambie ahsante, hata kama jirani anacheka. Na kama huwezi kufanya hivyo kwa mbwa, usiniambie kwamba utaweza kwa mama yako.

Tena usimuulize mtu kwa nini analilia kitu kidogo. Huenda kikubwa kilimpita akiwa anakimbia, akakosa hata pa kukaa. Vita, ndui na njaa vinaua watu, hilo kila mtu analijua. Lakini vinaua na kwaheri, na hilo hakuna anayelihesabu. Katika nyumba yetu walikufa mume na mtoto, na aliyeagwa ni mbwa peke yake. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alisema yule mbwa ndiye aliyempa ruhusa ya kuendelea kuishi.

Mungu akuepushe na safari isiyo na muda wa kukaa kaburini. Akupe macho ya kuwaona walio wako wakiwa bado mlangoni. Na siku yako itakapofika, mwanangu, asiwepo wa kumvuta mkono yule atakayetaka kukaa nawe. Amina.