Wamempa Mdomo Baba wa Mlangoni

Wewe tuliyecheza pamoja utotoni utanielewa. Wengine wataniona mtu mzima hovyo. Nimekasirishwa na gemu. Naam, gemu, ya kwenye simu, mimi na mvi zangu hizi.

Nilikuwa narudi kwetu Amu, kisiwani Lamu, kutoka Mombasa na binti yangu, kwa sababu shangazi alinipigia akasema njoo, kuna jambo la baba yako, halisemeki kwa simu. Tuko kwenye boti kutoka Mokowe, binti yangu akaniambia, "Baba, ile gemu yako ya zamani wameitengeneza upya. Nimeipakua." Nikafurahi kama mpumbavu. Nikamsimulia njia nzima.

Enzi zetu gemu ile ilikuwa nyumbani kwa jirani mmoja aliyefanya kazi melini, aliyerudi na mashine na kaseti moja tu. Tulijazana mkekani ukumbini kwake, mkewe akikaanga bajia, punda wakilia uchochoroni, kila mtu akingoja zamu yake. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, nadhani. Hakuna aliyejua hata herufi moja. Ikifunguka unamwona mwanamume mrefu mwenye joho jekundu, amesimama mlangoni na mwanawe. Anamwekea mwanawe mkono kichwani, anafungua mlango, anatoka. Basi, humwoni tena. Mtoto anakua, anakuwa shujaa, anapita mapango na ngome akimtafuta, na kila ngome anakuta kitu alichoacha babake: hapa taa, pale kiatu kimoja. Mwisho kabisa anakuta upanga umechomekwa kwenye jiwe, na skrini inakuwa nyeupe. Yule mwanamume tulimwita Baba wa Mlangoni, na hapakuwa na mtu shujaa kumshinda, ingawa hatukumwona akipigana hata mara moja.

Mimi nami nilikuwa na wangu. Baba yangu alikwenda Arabuni kutafuta kazi nilipokuwa bado najifunza alifu, na barua zake zikakoma. Nakumbuka mkono kichwani mwangu. Lakini siku hizi, wallahi, sijui tena kama ni mkono wake au ni wa yule wa kwenye gemu.

Siku moja bibi yangu, mama yake baba, alikuja kunifuata kwa hasira, ungo wa mchele mkononi. "Mtoto huyu macho yatamtoka!" Akakaa kidogo tu, apumzishe miguu. Akaanza kuchagua mchele, akatazama, mchele ukasimama. "Yule mtu mume yu wapi?" Tukamwambia haonekani, haijulikani alikokwenda. "Basi yu ndiani," akasema, kwa Kiamu chetu, yaani yu njiani, anakuja. Tangu hapo akawa haji kunifuata, anakuja kutazama. Kila ngome alikuwa na neno. Taa? Kamuwekea mwanawe asipite gizani. Kiatu? Kilimbana, maskini, na safari ndefu. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alitufundisha kwamba kabla hujamdhania mwenzio vibaya mtafutie udhuru sabini. Bibi yangu, nafikiri, sabini zilimwisha mapema akaanza upya.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kila Ijumaa akipakua pilau, sahani ya kwanza aliifunika kwa kawa. "Ya babako hiyo. Yu ndiani." Ole wako uiguse! Ilikuwa ikae pale mezani mpaka jua lizame, ndipo aitoe sadaka kwa mpita njia, nami nimemeza mate mchana kutwa, maana mnofu mzuri ulikuwa humo.

Kisha akarudi mtu mmoja wa mtaa wetu kutoka Arabuni. Akaketi darakani petu, kwenye baraza za mlangoni, akanywa kahawa yetu, akasema amemwona baba. Ana duka. Ana mke, ana watoto, amenenepa. Bibi akamjazia kikombe. "Duniani wawili wawili," akamwambia. "Umemfananisha." Na hakumkaribisha tena hata kwa maji.

Sasa bibi ametangulia mbele ya haki, na jambo lenyewe la shangazi ndilo hilo. Tulipofika hakungoja hata nivue viatu. "Mama alikuwa hataki, akisema mtu alo ndiani hasomewi hitima. Mama hayupo. Mimi nimechoka kungoja, mwanangu. Tumsomee kaka yangu hitima kama wasomewavyo wafu, tumuage, yaishe. Wewe ndiye mwanawe mume. Ukikubali, Ijumaa naita watu." Nikamwambia nitafikiri. Uongo mtupu, nilikuwa nakimbia.

Nikaenda kuketi darakani kando ya binti yangu, nione gemu yangu, roho itulie. Lo! Nilichokiona!

Wamempa mdomo. Mtu ambaye utoto wetu wote hakutamka neno, sasa hanyamazi! Joho wamemvua, wamemvisha koti la ngozi. Anaeleza, analia, anaeleza tena. Alichoka, ati. Alitaka maisha yake. Huko nyuma ya milima ana jumba, ana mke mwingine, ana mwana mwingine anayemfundisha upanga. Na vile vitu? Taa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Kiatu kilimchopoka akikimbia. Na mwisho wake, shujaa hakuti upanga kwenye jiwe. Anamkuta babake mwenyewe, na lazima ampige mpaka aanguke, ama gemu haiishi. Nani aliwaomba? Nani aliwatuma kwenda kufukua? Walikuwa na milango mingapi ya kufungua, wakaona wafungue ule!

"Lakini hii inakaa ya ukweli, Baba," binti yangu akasema, kidole kwenye kioo.

Ya ukweli! Ukweli huo mimi naujua, ulikaa baraza hii hii ukinywa kahawa yetu. Sikuhitaji mtu wa ng'ambo anichoree kwa rangi.

Nilifoka kweli, mpaka mwenye punda aliyekuwa anapita na mzigo wa mchanga akageuka. Binti yangu akazima simu. Akaniangalia vile watoto wanavyoangalia wakishajumlisha mambo. "Na Babu? Naye alitoroka?"

Nikafungua kinywa nimpe udhuru. Mmoja tu. Ningesema barua zilipotea; ningesema meli, ugonjwa, kifungo. Bibi angekuwa nao tayari huku anachagua mchele. Mimi sikuupata. Zamani mtu aliweza kuwa njiani miaka, na hakuna wa kumkatalia. Leo boti ikichelewa kidogo tu kutoka Mokowe, simu zinalia. Nina simu mfukoni, rafiki yangu, watu wananiambia humo unampata yeyote, popote. Sijawahi kuandika jina la baba yangu humo. Hata herufi ya kwanza.

"Sijui," nikamwambia. Nikainuka, nikamwendea shangazi. "Ita watu."

Ijumaa wakaja, wakaketi ukumbini, wakagawana juzuu, udi ukafuka. Mwalimu akaniinamia kuuliza jina la marehemu. Nikalitaja. Ulimi haukukwama hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi. Wakala, wakaomba dua, wakaondoka wakiniambia Mungu amrehemu, mmoja mmoja, nami naitikia amina.

Nikaingia jikoni kutafuta maji. Shangazi alikuwa anasugua sufuria, amenipa mgongo. Mezani palikuwa na kawa. Nikaliinua: pilau, na mnofu mzuri juu yake.

"Shangazi, hii ya nani?"

Akageuka. Akaitazama sahani kama kwamba imewekwa na mgeni, kisha akaitazama mikono yake yenye povu. "Astaghfirullah," akasema taratibu. "Mkono umezoea." Akarudia sufuria yake, akaisugua na ilishatakata.

Nilitaka kukasirika, maana siku zote zile nilikuwa na hasira ya kutosha, lakini sikujua nimkasirikie nani. Wale wa gemu hawakuwapo pale. Bibi hakuwapo. Uchochoroni hapakuwa na mpita njia. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikanawa, nikala sahani niliyokatazwa utoto wangu wote. Ilikuwa imepoa. Shangazi hakugeuka mpaka nilipoimaliza.