Matete Yaliyokatwa Kama Chai

Huku Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai, ukiacha mmea usimame mpaka upite kiuno cha mtu, kuna mkono utaukata. Nilijua hivyo. Bado nilienda zangu Chepseon kununua maharagwe na kumwachia jirani ufunguo wa ua.

Nyuma ya ploti yetu ya kupanga kuna shimo pana lililojazwa kokoto na kupandwa matete. Maji machafu ya vyumba vyote, pamoja na ya hoteli yangu ya chapati, huingia kwanza kwenye tangi la chini ya ardhi. Uchafu mzito unabaki humo, maji yanapita polepole kati ya kokoto na mizizi yakisafika, kisha yanateremka kijitoni watu wanakonyweshea ng'ombe. Zamani yalikuwa yanateremka moja kwa moja, na ng'ombe hawakuwa na mtu wa kumlalamikia. Mwishowe afisa wa afya alituambia maji yasipotoka safi atafunga ploti, akianza na hoteli. Nilimwomba arudie hapo mwisho. Akarudia. Ndipo tukachimba shimo.

Niliporudi na gunia langu nilikuta matete yamekatwa kimo kimoja, sawasawa, ungeweka sahani juu na chai isimwagike. Jirani alikuwa amesimama hapo na panga. Alikuwa amestaafu kuchuma majani chai, lakini mikono yake haikupata habari.

"Kogo," nikamwita, kama tunavyowaita nyanya huku, "nani amekutuma?"

"Yamezeeka haya. Chai ikizeeka tunapruni, inarudi na nguvu."

"Hii si chai."

"Naona. Chai hainuki hivi."

Kukata peke yake kusingetuua, kwa kuwa matete huchipuka. Shida ni kwamba alifanya kazi yake mpaka mwisho. Matawi ya chai yakikatwa hayatolewi shambani. Yanalazwa chini ya michai yaoze, yawe mbolea. Basi alikuwa amelaza matete yote juu ya kokoto, vizuri kabisa, kama anayetandikia mgeni. Mgongo wangu ulikuwa bado na gunia. Niliona majani tu, sikuwaza tope yatakaloleta, nikayaacha hapo.

Mvua za kila mchana zikafanya yaliyobaki. Majani yakaoza, tope likaziba kokoto, maji yakakosa njia na kurudi uani mpaka mlango wa jikoni.

"Mama chapati," mteja mmoja akaniuliza, "leo supu ni ya nini?"

Alikunywa chai amesimama nje. Wengine hawakuja hata kunitania.

Nilitafuta fundi. Akataja bei, nikataja nusu, akachungulia shimo, akapandisha. Tulikuwa bado tunavutana kogo alipotokea na gambuti miguuni na reki mkononi.

"Nilipruni mwenyewe, nitazoa mwenyewe."

Tulizoa wawili, tukatoa kokoto kwa karai, tukaosha, tukarudisha. Nikamwambia apumzike.

"Mbona wewe ndiye unahema?"

Afisa alikuja tukiwa bado na tope mikononi. Akaomba glasi ya hoteli, akakinga maji kwenye bomba yanapotokea, akainua juu.

"Mama, hii ni chai ya rangi."

"Daktari, juzi ilikuwa uji. Nipe mwezi."

"Wiki."

"Tatu."

"Mbili, na hoteli ifungwe mpaka nirudi."

Nikafunga. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimevutana nikaongezewa, nikashindwa kufurahi. Kila asubuhi nilikaa juu ya ndoo nikitazama bomba, na kogo akikaa karibu, tukisikiliza maji kama watu waliokesha na mgonjwa.

Afisa alirudi, akakinga, akainua. Safari hii niliona kidole chake upande wa pili wa glasi. Akamwaga, akanirudishia.

"Fungua."

Nilienda kuosha ile glasi, nikaiosha tena, nikaiweka mbali na zingine. Niliporudi kogo alikuwa ameinama kwenye matete. Yalikuwa yamechipuka, laini, kijani kibichi, na vidole vyake viwili vilikuwa tayari vimeshika ncha.

"Kogo."

"Natazama tu," akasema, lakini hakuachia mpaka nilipomshika mkono, tukaenda kukanda unga.