Mwenye Swali Ameridhika

Kiti ninachokalia kwenye Bunge la jimbo si changu. Nalisema mwenyewe kabla mtu hajanisema. Kura alipigiwa tonton, mdogo wa marehemu baba, na jina langu lilikuwa chini ya lake kama suppléante, yaani yule anayeshika kiti mwenyewe akiitwa kwenye kazi nyingine. Huku kwetu mgombea anaweka chini yake mtu wa nyumbani, kwa sababu mtu wa nje akishaonja kiti hakirudishi. Tonton alinichagua mimi, mwalimu wa shule ya msingi Mangobo, kwa kuwa tangu utotoni sikujua kubisha. Akashinda, akafanywa waziri wa jimbo, na mimi nikaamka siku moja naitwa Onorable. Siku atakayopoteza uwaziri, sheria inamrudisha kitini, nami narudi kwenye chaki zangu.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Msimu wa mvua, upepo uling'oa bati za nyumba ya kuzalia ya kijiji chetu, mbele ya Yanonge, ukazitupa mtoni. Wanawake wakaanza kuzaa chini ya bashi, lile turubai la kufunikia mizigo ya lori, ambalo mfanyabiashara mmoja wa Kivu aliwaazima. Mvua ikizidi, bashi linavuja, na mwenye uchungu anashikiwa mwavuli. Mwavuli, jamani, na serikali ipo.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa tonton, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyewaimbisha wanawake wakati wa kampeni. Akapanda balenieri, ile boti ndefu ya mbao, pamoja na wenzake, wakaja kwa mota mpaka Kisangani. Kwanza walikwenda kwa tonton. Aliwapokea sebuleni, akawapa soda baridi, akawaeleza kwa upole kwamba serikali haiendeshwi kwa udugu, wapitie kwa mwakilishi wao wa Bunge. Mwakilishi mwenyewe nani? Mimi. Wakaja kwangu wakicheka, kwa sababu walidhani wamefupishiwa njia.

Walilala kwangu kwenye mikeka, nikawafundisha mambo yanavyokwenda, maana ualimu haujanitoka. Naandika swali, ofisi ya Bunge inalipeleka kwa waziri, waziri anakuja kujibu mbele ya wote, na wananchi wanaruhusiwa kukaa juu kwenye roshani wakasikiliza. Mwishoni, anayeongoza kikao anamwuliza mwenye swali kama ameridhika. Akisema ameridhika, mambo yanaishia hapo. Akisema hapana, wenzake wanaweza kulivuta lile swali mpaka waziri aanguke. Shangazi alitaka kujua kitu kimoja tu, kama neno hilo la mwisho ni la kwangu peke yangu. Nikamwambia ni la kwangu. Akajipiga makofi magotini, akasema basi, bati tunazo.

Siku moja kabla ya kikao tonton aliniita ofisini kwake. Hakukasirika hata kidogo.

«Uliza vizuri,» aliniambia. «Uniulize hata kwa ukali, watu waone kama unatumika kazi. Mimi nitajibu. Kisha utaridhika.»

Hakunitisha. Hakuwa na haja. Alijua nimehamia nyumba nzuri Makiso, alijua watoto wangu wanasoma kwa masista, alijua hata namna ninavyotembea sasa, polepole, kama mtu ambaye wengine wanamngoja. Mwenzangu mmoja wa Bunge, niliyemdokeza, alinijibu kwa msemo wa wahenga: mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikajidai sikumsikia, lakini midomo nilikuwa nimekwisha kuitayarisha.

Kikaoni nilisoma swali langu kwa Kifaransa. Hakuna aliyenikataza Kiswahili, wala Lingala. Ni ule ujinga wetu tu, kila mmoja anaogopa kuonekana hakusoma, basi tunawasemea watu kwa lugha ambayo watu wenyewe hawaisikii. Shangazi na wenzake walikuwa juu, wamevaa vitenge vya kina mama wa parokia, wamenyamaza kama kwenye misa. Nilisoma kwa ukali kweli. Nilifika hata kwenye mwavuli, na sauti ikanitetemeka, na hiyo haikuwa maigizo.

Tonton akajibu. Alisema ameguswa sana moyoni. Alisema bajeti imekwisha kupigiwa kura, nyumba ya kuzalia haimo, na suala litachunguzwa wakati utakaporuhusu. Maana yake hapana. Hapana iliyopakwa manukato. Kiongozi wa kikao akanigeukia, akaniuliza kama mwenye swali ameridhika.

Niliinua macho. Shangazi alikuwa amesimama, ameshika ukingo kwa mikono miwili, ananitazama mdomoni. Nikasema nimeridhika. Nilisema nikitabasamu, Mungu anisamehe, kwa sababu tonton alikuwa anatabasamu.

Nyundo ikapigwa. Juu kule, shangazi aliona nimelitoa neno la mwisho, akaona mdogo wake anainama kunishukuru, akaona wote wamefurahi. Angeelewa nini kingine? Akapiga makofi. Wenzake wakapiga vigelegele. Waheshimiwa wakacheka, nao wakapiga makofi, na tonton akainua mkono kumsalimu dada yake. Wazee wanasema uso umeumbwa na haya. Wangu siku ile sijui uliumbwa na nini, maana niliwapungia mkono na mimi.

Walinipokea nje kwa nyimbo. Waliniimba barabarani Makiso, watu wa toleka wakasimamisha baiskeli zao kutazama. Jioni walinipikia liboke, samaki wa kufungwa majanini, wale waliokuja nao, kipande kikubwa wakaniwekea mimi. Nilikula. Nilikula nikanyonya na miiba, na kila tonge nilikuwa najiambia nitawaeleza likimezwa hili.

Asubuhi niliwasindikiza bandarini. Wenzake wakiwa wamekwisha kupanda, bado wanaimba, shangazi akaniambia kwamba wakifika tu watamrudishia yule mfanyabiashara bashi lake, amelingoja sana maskini, na bati ziko njiani. Hapo ndipo nilipovunjika. Nilimweleza yote, pale pale kwenye matope, tonton alisema nini na mimi nilijibu nini.

Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

«Weye unaridhika na nini?»

Nililia, na machozi ya mtu mzima mwenye suti ni kitu kibaya kutazama. Shangazi akapanda, akawaambia wenzake kwa lugha yetu. Wimbo ukakatika. Hakuna aliyenitukana, na laiti wangenitukana. Wakashauriana kidogo, kisha shangazi akarudi kwenye ukingo wa boti, akainama kwangu.

«Nyamaza. Kule mugini kwetu tutasema tulikuta munafunga Bunge. Batu basisikie kama mutoto wetu alitufanyia hii.»

Na kweli walisema hivyo. Najua kwa sababu ilipofika likizo ya Bunge, wakati kila mjumbe anapotakiwa kwenda kuwasikiliza waliomtuma, nilikwenda. Walinipokea kwa ngoma. Bashi lilikuwa bado liko pale, limeongezewa viraka. Wale waliokuja Kisangani waliimba na wengine, wakiangalia chini. Shangazi mwenyewe alinipikia, akanishika shavu. Kisha msichana mmoja mwenye mimba kubwa akaniletea kiti, akapiga goti kwa shida, akaniuliza kwa heshima yote:

«Onorable, kule kwenu habajafungua?»

Nikamwambia bado.