Aliyebeba Mbeleko Tupu

Ninayoyasimulia hapa yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sina homa na sijasinzia. Nimeshawasimulia watu wachache na nimeona wanavyoangaliana. Mmoja aliniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, tena makande, nikashiba. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho kwanza, hasa kama nyumbani kwako kuna mtoto mchanga.

Mimi ni mzaliwa wa Makanya, kule chini kwenye vumbi la jasi. Naishi Same mjini, nashona sare za shule. Niliolewa na kijana wa Vudee, huko juu milimani, dereva wa lori, mtu wa safari za Dar na Arusha. Tukapata mtoto wa kike, tukamwita Namkunda. Jina alilichagua mama mkwe. Sina budi kusema ukweli juu ya huyu mama, maana bila hivyo hutaelewa kinachoniuma. Nilipojifungua alishuka mwenyewe kutoka mlimani na kuku wawili na ndizi, akakaa nami mpaka nikapata nguvu. Alinipikia uji, alimwogesha mtoto, usiku mtoto akilia yeye ndiye aliyeamka. Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo nilimwita mama na sikuwa najilazimisha. Jambo moja tu niliona: alimpakata mtoto mapajani siku nzima lakini mgongoni hakumbeba hata mara moja. Nikadhani kiuno kinamsumbua.

Mtoto akakua vizuri. Alipoanza kukaa bila kuegemea, nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia, kule kwenye simu. Shangazi, wifi, mashemeji, wote wakaandika maneno matamu. Alipoanza kutambaa, nikatuma video, maana alikuwa anatambaa kinyumenyume, anakwenda kukwama chini ya cherehani. Mama mkwe akapiga simu akicheka mpaka akakohoa. Nani asingefurahi?

Kisha siku moja namlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Nikamfungua mdomo. Jino. Meno mawili, yametoka pamoja, madogo meupe, fizi ya juu. Chini hakukuwa na kitu. Mimi nilichoona ni meno ya mwanangu tu. Nikamchekesha, nikapiga picha, nikatuma.

Hakuna aliyejibu. Nikaona wote wamesoma, mmoja baada ya mwingine, na kundi likawa kimya. Wifi mmoja alituma habari ya msiba wa mtu mwingine kabisa, ili picha isogee juu. Jioni mama mkwe akapiga. Hakusalimia. Akaniuliza, "Hiyo picha umemwonyesha nani mwingine?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Ifute. Mlete mtoto huku."

Labda wewe unalijua neno kigego. Mimi nilikulia nikilisikia kama tusi tu, la mtu mkorofi. Kumbe ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na wazee wa zamani waliamini mtoto wa namna hiyo anamaliza ukoo, kadiri anavyokua ndugu wanakufa mmoja mmoja. Sikuyajua hayo nilipopanda gari kwenda Vudee. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimpigia, akasema, "Nenda tu, mama anataka kumwona mjukuu."

Tulipokelewa vizuri, kama huangalii sana. Chai ilikuwepo, maziwa yalikuwepo. Lakini hakuna aliyenyoosha mikono kumpokea mtoto. Jirani alipopita kusalimia, mama mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa na mwimbaji wa kwaya, alichukua ncha ya kanga yangu akamfunika mtoto mdomo. Alifanya taratibu, kama anayemfuta udenda. Jirani alipoondoka, aliiachia ile ncha ya kanga na kunawa mikono.

Jioni ile nikataka kuongea na mume wangu. Pale nyumbani mtandao hausomi, lazima upande kidogo juu ya migomba, kando ya mfereji wa maji. Nikamfunga Namkunda mgongoni nikatoka. Giza halikuwa limeingia, lakini ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Vudee unaolowanisha nywele kama mvua. Simu ya mume wangu haikupatikana. Nikasimama pale nimechoka, namtingisha mtoto.

Mwanamke mmoja akaja akifuata mfereji. Amevaa kaniki, ile nguo nyeusi ya zamani ambayo siku hizi huioni. Mfupi, ndewe ya sikio moja imechanika. Amebeba mtoto mgongoni, anatembea akimpigapiga kwa mkono wa nyuma, ule mdundo wa kubembeleza ambao kila mama anaujua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia marahaba. Aliniuliza kwa Kipare, "Wako yameanzia wapi?"

Niamini, sikuuliza ni nini kimeanzia wapi. Nilielewa. Tangu nifike hakuna aliyeniuliza kwa mdomo wake, na huyu ameuliza wazi, kama mama anavyomuuliza mama mwenzake kliniki. Nikasikia machozi yananijia. Nikamjibu, "Juu."

"Hata wangu ni juu," akasema. Akageuka ili nimwone mtoto wake.

Mbeleko ilikuwa imefungwa vizuri, fundo kifuani, imebana. Nyuma ilikuwa imevimba na kuning'inia kama inavyoning'inia ikiwa na uzito. Ndani yake hamkuwa na kitu. Niliona mgongo wa kaniki, niliona mshono, niliona mkono wake ukipigapiga pale penye utupu na haupiti, unagota. Halafu kutoka mle ndani mtoto akacheka.

Namkunda mgongoni mwangu akamjibu. Alicheka kile kicheko cha mtoto akimwona mtoto mwenzake, akaanza kurusha miguu, ananipiga mbavuni, anataka kwenda. Umewahi kutaka kukimbia na mwili ukakataa?

Yule mwanamke hakunisogelea. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha kuliko kitu kingine. Akasema, "Mimi waliniambia bibi atambeba kidogo tu, nikachume maharage. Nikaenda. Nilipofika shambani, maharage yenyewe yalikuwa bado maua."

Akapita. Sikusikia tope likilia chini ya nyayo zake. Ukungu ukafunga nyuma yake, na ule mdundo wa mkono niliusikia ukienda mbali, mpaka maji ya mfereji yakaumeza.

Nilirudi nyumbani. Nilimlaza mtoto kifuani mwangu nikabaki macho.

Asubuhi, baada ya chai, alifika shangazi mkubwa wa mume wangu. Mama mtu mzima sana, nilimwona kwenye harusi yetu tu. Alikuwa na kanga mpya mkononi, imekunjwa, na chupa ndogo ya dawa amefunga kwenye pindo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Mama mkwe akasafisha koo. Akasema kwa sauti ya kila siku, "Mwanangu, mwache mtoto na shangazi, atambeba kidogo. Wewe shuka lile shamba la bondeni ukatuchumie maharage."

Lile shamba nililipita nikija. Liko kandokando ya barabara.

Nikamwambia, "Mama, yale maharage bado ni maua."

Shangazi aliinamisha kichwa akaanza kuikunja upya ile kanga iliyokwisha kukunjwa. Nikasema nilichokiona. Sikukipanga, kilinitoka tu: mfereji, kaniki, mbeleko isiyo na mtoto, maneno aliyoniambia. Nilitegemea anikemee kwa jina la Yesu. Badala yake mama mkwe akakaa chini, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Sikio lake," akasema. "Lilikuwaje?"

"Ndewe moja imechanika."

Mama mkwe akasema, "Nilimchana mimi. Nilikuwa mdogo, nilivuta hereni nikitaka anigeukie."

Ndipo akaeleza, naye akaeleza kwa sauti kavu, kama anayesoma matangazo ya kanisani. Yule alikuwa mama yake mzazi. Kabla mama mkwe hajazaliwa kulikuwa na dada, akaota meno ya juu. Ukoo ukamchukua wakati mama yuko shambani, ukaenda naye kule kwenye miamba walikokuwa wakitupwa vigego, na hakurudi. Wazungu na wachungaji walikuwa wameshakataza, kwa hiyo ilifanywa kimyakimya na hakuna aliyehukumiwa. Mama yake akafunga mbeleko siku hiyo na hakuifungua tena. Alilima nayo, alikwenda nayo kanisani, alizikwa nayo.

"Na mimi nikazaliwa baadaye," mama mkwe akasema. "Nikamkuta mgongo umejaa. Sikubebwa hata siku moja. Nikilia ananiambia nyamaza, utamwamsha mwenzio."

Nilimwonea huruma. Nakwambia kweli, wakati ule nilitaka kumshika mkono. Nilifikiri sasa yamekwisha, sasa shangazi atafunga kanga yake aende kwao. Mtu aliyejua maumivu hayo angeweza kuyarudia?

Akainua uso. Macho yalikuwa makavu kabisa. Akasema, "Yule mtoto alimla mama yangu. Huyu hatamla mwanangu. Lete mtoto."

Sikuchukua mkoba wala nguo za mtoto zilizokuwa zimeanikwa. Nilimkumbatia Namkunda kwa mbele, nikatoka. Hawakunifukuza. Nilisikia shangazi akisema, "Mwache, anaona vitu." Nikafika barabarani, kijana wa bodaboda akanishusha mpaka mjini, namlilia mgongoni kwake na hakuuliza kitu.

Mume wangu aliporudi safari, maneno yalikuwa yameshamfikia kabla yangu. Alisimama mlangoni na viatu. "Walitaka kumwombea na kumpaka dawa fizi, basi. Wewe umemwita mama yangu muuaji kwa sababu ya mzimu."

Nikamuuliza, "Kama ni dawa ya fizi, kwa nini niondoke? Kwa nini maharage?"

"Wazee wana taratibu zao," akasema.

"Ungekuwepo, ungemwacha mtoto?"

Nilingoja ajibu lolote, hata uongo. Alimwangalia mtoto mdomoni, haraka, akaondoa macho. Basi nikajua. Baada ya hapo safari zake zikawa ndefu, kisha hazikuwa na kurudi. Nasikia ana nyumba Korogwe.

Huenda alisema kweli. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Huenda ilikuwa dawa na sala tu, na mimi nimevunja ndoa yangu kwa kitu nilichokiona ukunguni. Sitajua kamwe, na hakuna atakayeniambia, kwa sababu wanaojua hawapokei simu zangu.

Ila ngoja nikwambie jambo moja zaidi. Namkunda alipokaribia mwaka, alikuwa hataki kusimama bila kushika kitu. Jioni moja nashona, yeye yuko sakafuni. Akasimama peke yake katikati ya chumba. Hatua zake za kwanza zilikwenda mlangoni, si kwangu, mikono imenyooshwa mbele, vile mtoto anavyomwendea mtu aliyechuchumaa na kumpa mgongo ili ambebe. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Alifika, akaegemeza kifua hewani, akalaza shavu, akafumba macho. Mtoto asiyejua kusimama aliinama vile, mzima mzima, na hakuanguka. Nilipopata sauti ya kumwita, aligeuka akarudi kwangu akitembea, anacheka. Sikupiga picha. Ningemtumia nani?

Sasa yuko chekechea. Ana meno yote, ya juu na ya chini, na hakuna aliyekufa. Sokoni, siku ya gulio, tulikutana uso kwa uso na mama mkwe. Amekonda. Namkunda, kwa kuwa nimemfundisha adabu, akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Yule mama akasema marahaba, akamtazama mdomo, kisha akatazama nyuma ya mtoto, juu ya bega lake, akatazama kwa muda mrefu. Nikaona kidevu chake kinatetemeka kama cha mtoto. Akajitwisha kapu lake akaondoka.

Mtoto akaniuliza, "Bibi yule alikuwa anamlilia nani?" Nikamwambia simjui.

Wewe uliye na mtoto mdogo, sikuambii usiende ukweni. Nakuambia hivi: siku watu wanaokupenda watakapokupa kazi ndogo ya ghafla ili uondoke bila mtoto, uliza kazi hiyo ni ya nini, na uliza tena. Wakichukia, waache wachukie. Utalala peke yako, utalipa kodi peke yako, na watu watasema una kichaa. Mimi wananisema hivyo mpaka leo, na kila jioni mwanangu ananiita nije nimfunike shuka.