Mgunga wa Mama na Kuni za Kijiji

Mama yangu alikuwa mganga wa tumbo. Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, watu walimjua kwa dawa moja tu: magome ya mgunga. Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari, na mwaka haukuisha dawa yake ikaanza kusemwa. Watu wanakunywa, tumbo linaendesha vilevile. Mama akaamini uganga umemkimbia. Chakula kikamshinda, na mganga hajigangi.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara mjini. Nilipokuja likizo nilibeba kichupa cha maji ya chuma. Ukiyadondosha kwenye dawa yenye tanini, ile inayofunga tumbo, dawa hugeuka nyeusi. Tanini ikiwa nyingi, weusi unakolea.

“Mwangaluka, mayo,” nilimsalimu asubuhi kwa Kisukuma. “Leo tunaupima mgunga, tuone kama wa huku ni dhaifu.”

“Upime. Ila usinidanganye kwa kunionea huruma.”

Alikuwa bado na magome ya kule tulikohama. Nikayachemsha, na ya huku nikayachemsha kwenye chungu kingine, kwa desturi yake, moto hauzimwi mpaka maji yapungue nusu. Nikadondosha. Glasi zote mbili zikawa nyeusi kama masizi. Mama alizitazama kwa zamu.

Mgunga haukuwa na kosa, basi. Nikaenda kwa jirani aliyekuwa akiharisha, nikaomba dawa aliyoipika mwenyewe kwa magome ya mama. Ile ikageuka kijivu tu, tena hafifu.

“Mmeichemsha vipi?”

“Kama chai. Kuni ziko wapi, mwanangu?”

Alisema kweli. Zamani kila kaya ilikuwa na kichaka chake, na kwa kuwa wagonjwa walitoka mbali, walilala kwetu na mama akawapikia. Sasa sote tulikuwa pamoja, vichaka vimekwisha, na kila mtu alichukua gome akapike kwake.

Nilipomweleza mama, alikaa chini akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

“Basi si mimi,” akasema.

Tangu siku hiyo hakumpa mtu gome mkononi; alipika mwenyewe. Ada ya kuku aliyolipwa na wagonjwa akaifuta, akataka kuni tu. Wa kwanza kuja alikuwa yule jirani, anatembea polepole na mzigo wa kuni kichwani. Mama akatoka kumpokea, akamtua kabla hata ya salamu.